Hotuba ya Meya wa San Baltasar Siku ya Kubariki Daraja la Watalii

Mheshimiwa Gavana, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika na kimetandikwa kitambaa. Mheshimiwa Mbunge, aliyetutumia salamu pamoja na mapepeo ya karatasi yenye sura yake. Baba Paroko, Padre Eustaquio. Waheshimiwa makapitani wa vijiji. Malkia wa Sikukuu wa mwaka huu, na Malkia wa mwaka jana ambaye bado hajarudisha taji. Wazazi wa ubatizo wa daraja, mlioshika utepe tangu asubuhi. Na nyinyi wananchi wangu wapenzi, wa upande huu wa mto, na wa Kawayanon ng'ambo, ambao mmekuja mmelowa mpaka kiunoni kwa mapenzi yenu kwangu. (Makofi upande mmoja. Watu wa Kawayanon wanakamua sketi.)

Ndugu zangu, kwa muda mrefu wageni wanaofika kisiwani kwetu wamekuwa wakipakiwa asubuhi kwenye magari yenye kiyoyozi, wakipelekwa kuona vilima vya kahawia, kisha kumtazama mawmag, kale kanyama kadogo kenye macho makubwa, kisha wakilishwa mchana juu ya boti huku wakipigiwa gitaa, na jioni wakirudishwa hotelini, na katika mzunguko wote huo San Baltasar wamekuwa wakiipita wamelala. Nikasema hapana. Ofisi yangu, chini ya uongozi wangu, kwa maelekezo yangu, imebuni Mkakati Shirikishi wa Ziara ya Mashambani ya Siku Moja, ambao utafiti wake wa kitaalamu umeonyesha kwamba asilimia mia moja ya wageni waliohojiwa walifurahi kufika hapa, naye alikuwa mmoja tu, Mjerumani aliyepotea njia. (Makofi.)

Vilima tunavyo viwili, na cha tatu kitaonekana mtu akisimama juu ya paa la soko. Mawmag tunaye. (Sauti: "Yule ni paka wa Kapitan.") Tunaye mawmag, na kwa kuwa mnyama huyu akisikia kelele hufadhaika hata akafa, naagiza kina mama wote wenye watoto wachanga wahakikishe watoto hao hawalii kuanzia asubuhi mpaka wageni watakapomaliza kupiga picha; na anayeota meno atulizwe kwa njia za kisasa. (Mtoto analia. Mama yake anamwambia Meya amshike yeye kidogo, kama anazijua hizo njia.)

Sasa tufike kwenye kilele cha ziara, Daraja la Kuning'inia, ambalo mnaliona hapa nyuma yangu. (Nyuma yake kuna turubai lenye picha ya daraja, na sura ya Meya iliyo kubwa kuliko daraja.) Na kwa kuwa sisi hatupandi pikipiki mpya wala hatuhamii nyumba mpya bila maji ya baraka, Padre ameshalinyunyizia, mbele ya wazazi wa ubatizo kumi na wawili. (Padre anakumbusha kwa upole kwamba alinyunyizia turubai. Mzee mmoja anauliza kama Krismasi daraja hili litapita milangoni kwa wazazi wake kuomba zawadi, kama watoto wengine wa ubatizo.) Na ili mgeni asituone maskini, lile daraja la mianzi ambalo watoto wa Kawayanon walikuwa wakilipita kwenda shule nililiondoa mapema, mara tu mvua zilipoanza, kwa ajili ya usafi wa mandhari.

(Hapo Inday Crisanta wa Kawayanon, mtoto mmoja ubavuni na mwingine ameshika sketi yake, anasimama. "Meya, lile la mianzi tulilifunga wenyewe, kamba kwa kamba. Jana huyu wangu mkubwa maji yalimchukua, nikamdaka kwa begi la shule. Nakuuliza kwa adabu: kesho wavuke wapi?")

Swali zuri sana, Inday, na nakushukuru kwa kuwa mdau. Serikali yangu inalitambua suala la kuvuka, inalipa uzito, na italiundia kamati, ambayo itapokea maoni yenu ofisini kwangu, upande huu wa mto. Kwa hiyo semeni nami: Ziara, juu! (Wazazi wa ubatizo: "Juu.") Daraja, juu! (Sauti: "Juu ya turubai.")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mpwa wangu Reynante, aliyechora daraja hili kwa simu yake usiku mmoja, na ambaye kwa haki kabisa ndiye mtu pekee aliyefanya kazi yoyote katika mradi huu. Maana mto haukupimwa, fundi hakuitwa, na huko mkoani hawajapelekewa hata ombi, jambo linaloonyesha jinsi tulivyookoa muda. Nawashukuru nanyi kwa subira ambayo sikuwaomba lakini mlinipa. Nguruwe wa kuchoma yuko tayari kwa meza kuu. Wa Kawayanon mtangulie, maji yanapanda, na watoto muwabebe mabegani.

Inday, mto uko huku. Kina mama, mnapotea, huko mnakopanda ni nyumbani kwangu. (Crisanta anazidi kupanda na wenzake. "Tunapajua, Meya. Nyumba yako iko upande wa shule. Watoto watalala hapo mpaka lipatikane daraja la kukanyaga. Huyu mdogo usiku anakojoa, mtamwamsha.") Kapitan, hebu wahi, kamwambie mke wangu afunge lango. (Kapitan anamnong'oneza kwamba Mama Meya ameshalifungua, ametandika mikeka barazani, na anauliza kama Meya mwenyewe atapenda kulala ofisini.)