Sheria Nne za Mheshimiwa Oftedahl na Neno "Tu"

Zelenka, ukingo wa magharibi wa Mto Badger
Tarehe 3 Machi

Ndugu Mhariri Ardith Quam,
Gazeti la Mwangaza wa Wilaya.

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini mguu wako ulioteguka ulipoteleza kwenye barafu mbele ya posta umeanza kupata nafuu.

Mimi ni Lorene Vavra, mpishi mstaafu wa shule ya hapa Zelenka na mjane wa Emil. Unanifahamu vizuri. Ulikula chakula changu miaka kumi na miwili, na hukuwa ukibakiza kitu kwenye sahani isipokuwa karoti. Kwa hiyo nakuandikia bila woga, ingawa kwa masikitiko. Alhamisi iliyopita, ukurasa wa tatu, umeandika kwamba mwakilishi wetu katika Bunge la jimbo, Mheshimiwa Merle Oftedahl, katika miaka kumi na sita aliyokalia kiti hicho, "amefanikiwa kupitisha sheria nne tu." Nimeisoma habari hiyo mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Naomba kuwasilisha malalamiko yangu.

1. Nalalamikia neno "tu." Nne ni hesabu, na hesabu haina ubaya. "Tu" ni kumsimanga mtu mzima mbele ya wajukuu wake. Isitoshe umemlinganisha na yule mama wa eneo jirani mwenye sheria arobaini na moja. Je, umewaonea huruma watu wake? Sheria arobaini na moja lazima zisomwe na mtu. Sisi zetu zinaenea nyuma ya bahasha, na nafasi inabaki ya kuandika mahitaji ya dukani.

2. Hukuwaeleza wasomaji sheria zenyewe ni zipi, kana kwamba ni jambo la aibu. Naziandika hapa kwa niaba yako.

Ya kwanza ilitangaza kolachi kuwa mkate rasmi mtamu wa jimbo letu. Mimi mwenyewe niliitwa kutoa ushahidi kwenye kamati. Nilikwenda na sinia nne, mbili za plamu na mbili za mbegu za popi, na kamati ikasikiliza ushahidi hadi makombo yalipokwisha. Muswada ulipita bila mpinzani. Tangu siku hiyo kolachi ni rasmi, na ladha yake ni ileile.

Ya pili iliifanya Jumamosi ya pili ya Agosti kuwa Siku ya Trekta. Siku hiyo tulikuwa tukiisherehekea tangu mama yangu akiwa msichana, lakini tulikuwa tukiisherehekea bila idhini.

Ya tatu ilisahihisha sheria ya mifereji ya mashamba kwa kuondoa neno "au" na kuweka neno "na." Zamani mkulima aliyetaka kuzibua mfereji wake aliomba kibali cha wilaya au cha jimbo. Sasa anaomba cha wilaya na cha jimbo. Jirani yangu Clement Duda amesubiri vibali vyake vya kuuzibua mfereji majira mawili ya kuchipua, na shamba lake la mahindi limekuwa bwawa. Bata wa porini wamehamia humo. Clement anasema wana adabu kuliko baadhi ya wapangaji aliowahi kuwa nao. Hayo nayo ni maendeleo, Ndugu Mhariri, ila ni maendeleo ya bata.

Ya nne nitaifikia.

3. Umeandika kwamba muswada wake wa kukarabati Daraja la Mto Badger "umeshindwa mara sita." Huo si uungwana. Muswada haukushindwa, ulihifadhiwa. Tangu barafu ilipogonga nguzo ya kati na mhandisi akaja kuweka kibao cha "Mwisho Tani Tatu," Mheshimiwa aliupeleka muswada huo kwenye kamati ya barabara kila Januari, na kila Aprili kamati iliufungia kabatini kwa uangalifu mkubwa. Kitu kinachotunzwa namna hiyo miaka sita hakiwezi kuitwa kilichoshindwa.

Ni kweli kwamba gari la wagonjwa lina tani tano. Ni kweli vilevile kwamba hospitali iko ng'ambo ya pili, maili tisa kwa kupita darajani na maili thelathini na moja kwa kuzunguka. Marehemu mume wangu aliliendesha gari hilo kwa kujitolea miaka ishirini na sita, na ndiye aliyekuwa akimwandikia Mheshimiwa kila mwaka. Majibu yalikuja kwenye karatasi nzuri nzito. Emil aliyatumia kuandikia hali ya mafuta ya gari.

4. Sasa nifike kwenye sheria ya nne, ambayo umeipa mstari mmoja na nusu.

Mwaka juzi, Oktoba, saa sita mchana, Emil alishikwa na maumivu ya moyo uani akiwa ameshika ndoo. Asubuhi hiyo alikuwa ameliosha gari la wagonjwa. Waliokuja kumchukua ni wenzake wawili, na gari ni lilelile. Njiani hakuna aliyesema habari za daraja. Tulizunguka. Nilikaa nyuma nikimshika mkono, naye akiwa amelala chali alikuwa akitaja kona kabla hatujazifikia, kwa sababu barabara ile aliijua kwa mgongo wake. Tulipofika maili ya ishirini na mbili, penye ghala la nafaka, alisema, "Hapa punguza mwendo, pana shimo." Dereva akapunguza. Baada ya hapo hakusema tena.

Mheshimiwa Oftedahl alikuja mazishini, na nilimshukuru. Alinishika mikono yote miwili katika ukumbi wa kanisa, penye meza ya saladi ya viazi, akaniambia, "Lorene, dada yangu, sitakubali asahaulike. Safari hii nitafanya kitu kuhusu lile daraja."

Niliamini. Machi yake simu ikalia nikiwa na unga hadi kwenye viwiko. Alisema, "Limepita, dada. Kura zote. Hakuna hata mmoja aliyepinga, na Gavana ameshatia saini." Niliketi sakafuni jikoni nikalia, Ndugu Mhariri, na unga wote ukaingia machoni. Niliwapigia simu wale wenzake wawili wa Emil. Mmoja wao akasema, "Basi tutapita."

Juni tukaalikwa darajani. Palikuwa na bendi ya shule, mkasi na utepe. Mheshimiwa akavuta kitambaa, na chini yake palikuwa na kibao kikubwa cha kijani: Daraja la Kumbukumbu la Emil J. Vavra. Chini ya kibao hicho kilibaki kile cha zamani, Mwisho Tani Tatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, kulipatia daraja jina. Vibao vilikuwa viwili, kila upande kimoja, na vililetwa kwa lori lenye tani nane, kwa hiyo kile cha upande wa pili ilibidi kizungushwe maili thelathini na moja. Tulikisubiri. Bendi ilirudia wimbo wake mara tano.

Nilimuuliza Mheshimiwa kwa sauti ya chini, "Merle, na ukarabati?"

Akanijibu kwa upole, "Hatua kwa hatua, dada. Daraja lisilo na jina kamati hulisahau. Hili sasa hawataweza kulisahau."

Nyuma yangu Clement alisema, wala hakujisumbua kunong'ona, "Huyu bwana nyumba ikiungua ataanza kwa kuubatiza moto."

Nilimkanya. Mheshimiwa alikuwa amesema kweli: kamati haikulisahau. Januari hii muswada uliporudi mara ya saba, mwanasheria wao alilitambua daraja mara moja kwa jina lake. Alieleza kwamba kwa kuwa sasa ni kumbukumbu rasmi, haliruhusiwi kubomolewa, kupanuliwa wala kubadilishwa nguzo bila ridhaa ya Bodi ya Kumbukumbu. Bodi hiyo hukutana mara moja kila miaka miwili, na ilikuwa imekutana Desemba. Kwa hiyo daraja la mume wangu sasa linalindwa kisheria lisitengenezwe. Sheria ngapi katika zile arobaini na moja za yule mama zina nguvu kiasi hicho? Nauliza kwa unyenyekevu.

5. Kwa kuzingatia hayo yote, naomba gazeti lako litoe masahihisho na kuondoa neno "tu." Naomba pia mtusaidie kuwaelimisha wananchi wa ukingo wa magharibi, ambao bado wana tabia ya kuugua majumbani mwao. Watu mia nne wanawezaje kuwa wazembe namna hii? Kila mtu anayehisi maumivu ya kifua yajayo anaweza kuvuka mapema kwa gari lake dogo, akaenda kuyasubiri ng'ambo. Mama mjamzito anayetarajia Aprili avuke Machi. Wanaoanguka ghafla wajitahidi kuwa na uzito usiozidi tani tatu, wakiwa pamoja na gari, dereva na machela.

Na kwa kuwa tumeshagundua kwamba kitu kibovu kikipewa jina hakihitaji tena kutengenezwa, naomba tusiishie darajani. Paa la shule linavuja juu ya darasa la tatu. Lipewe jina la marehemu bwana Ignac, aliyekuwa akilitegea ndoo. Kisima cha mji, ambacho daktari ametukataza kuwapa watoto wachanga maji yake, kipewe jina la daktari. Ambao bado tuko hai turuhusiwe kujichagulia mapema, kila mtu na ubovu wake. Mimi nimeomba lile shimo la maili ya ishirini na mbili. Nimekwenda kuliangalia wiki iliyopita, bado lipo, na limekuwa refu. Nikipata jina langu hapo, najua halitazibwa na mtu yeyote.

Hivyo, Ndugu Mhariri, mtu aliyefanya haya yote kwa sheria nne hastahili kusimangwa. Anastahili kuombwa apumzike, asije akapitisha ya tano.

Nashukuru kwa nafasi katika gazeti lako. Nisalimie mama yako, mwambie mche wa rubabu, ile mboga ya kuokea pai, alionipa umekufa kwa baridi lakini nia yake imebaki. Wasalimie wote wa kiwanda cha chapa, wanakwaya, kina bibi wa meza ya kahawa pale kwenye ghala la ushirika, na Mheshimiwa Oftedahl ukikutana naye, kwani ni jirani mwema na hajawahi kukosa mazishi.

Wako mtiifu,

Lorene Vavra (Bi.)

Tanbihi: Uliniuliza kwa simu kama ni kweli. Ni kweli. Jana asubuhi nilikwenda kwa karani wa wilaya nikaandikisha jina langu kugombea kiti cha Mheshimiwa Oftedahl, na nakuomba picha utakayoweka isiwe ile niliyovaa aproni. Saini zilizohitajika ni hamsini. Nilikuwa nazo mia tatu na kumi na mbili. Ya kumi na nne ni ya Bi. Joyce Oftedahl, mke wake, ambaye dada yake anaishi upande wetu wa mto na ana moyo mbovu. Alikuja mwenyewe mlangoni, hakutaka kuketi wala kunywa chochote. Aliniomba kalamu nyingine, kwa sababu ile niliyompa, alisema, haikuwa ikiandika kwa wino mzito wa kutosha.