Fundi Jicho Hapimi Mtu

Redio alifika barazani asubuhi na gazeti kwapani, akakaa kwenye benchi bila salamu. Alikuwa karani wa serikali zamani, akastaafu, akabakiwa na miwani na sauti. Habari ikishaingia kwake, hata ukikimbia itakufuata.

"Imepita," alisema. "Sheria ya baraza la mji. Kuanzia mwezi ujao ni marufuku mwenye nyumba, mwajiri au mwenye duka kumuuliza mtu kwao wapi kabla hajamhudumia."

Spana, fundi magari wa gereji ya jirani, alikuwa anajifuta grisi kwenye vidole. Akaacha kujifuta.

"Sasa nitajuaje ni wa wapi?"

"Ndiyo maana ya marufuku. Usijue."

"Na nisipojua ni wa wapi, nitajuaje nimwamini kiasi gani?"

"Mwamini kiasi cha mtu."

"Mtu gani?"

Redio alifungua gazeti kutafuta kama limeandika mtu gani.

Baraza lenyewe lilikuwa la Fundi Jicho, mshona nguo, na benchi lilikuwa mali yake, ingawa yeye hakuwahi kupata nafasi ya kulikalia. Alikuwa ndani kidogo ya mlango, kwenye cherehani, anapiga pindo la suruali huku sikio liko nje. Cherehani ya pili ilikuwa imefunikwa shuka. Hiyo ilikuwa ya mkewe, ambaye kwa mwaka wa pili sasa alikuwa anashonea kiwandani, safari ya siku nzima kutoka hapo, na kurudi mara moja kwa mwezi. Kituo cha afya cha mtaa kilikuwa kimempa Jicho sare kumi na mbili za majaribio, shati na suruali, mtindo mmoja kwa wanaume na wanawake. Zikiwakaa wafanyakazi vizuri, atashona za vituo vyote vya wilaya mwaka mzima, mkewe arudi nyumbani, shuka litoke. Zisipowakaa, kazi inavuka barabara kwenda kwa yule fundi mgeni aliyefungua duka mwezi uliopita. Sare alizipeleka jana mchana. Leo alikuwa anasubiri jibu, na ndiyo maana pindo moja alikuwa amelipiga mara tatu.

"Mimi ubaguzi sina hata chembe," alisema Mama Vocha, aliyekuwa na meza yake ya vocha pembeni ya benchi. "Kila mtu namuuzia. Watu wa ng'ambo ya mto tu ndio nawaambia watoe hela kwanza."

"Na wengine?" aliuliza Redio.

"Wengine nawapa kwanza."

"Huo si ubaguzi, mama?"

"Ubaguzi ni kumnyima mtu. Mimi siwanyimi, nawaharakisha."

Redio alivua miwani. "Mama Vocha, mimi ni wa ng'ambo ya mto."

"Wewe? Wewe umekaa hapa mpaka umepoa. Wewe ni wetu. Nawasema wale wenyewe."

Redio alifikiri kidogo, akaona ni sifa, akavaa miwani.

"Mama ana hoja," alisema Spana. "Mimi pia sibagui. Ila gari la mtu wa bondeni silirudishi mpaka nimemwona mkewe. Bondeni mwanamume hana kauli."

"Mimi ni wa bondeni," alisema Mama Vocha.

"Na mumeo ana kauli?"

"Hana."

"Nimemsingizia nani sasa?"

Jicho alishindwa kuvumilia. Alisimamisha cherehani, akatokeza kichwa mlangoni, futi limemning'inia shingoni.

"Ninyi mnabishana mambo ya midomo. Mimi naongea sayansi. Miaka ishirini na mbili nakata nguo. Mtu wa mlimani ana mikono mirefu na mabega mapana, kwa sababu ya kubeba mizigo kupanda. Mtu wa bondeni ni mfupi, mnene kidogo wa kiuno, kwa sababu bondeni hakuna pa kupanda. Mtu wa ng'ambo ya mto ni mrefu, mwembamba, tumbo hana. Na sisi wa hapahapa mjini tuko katikati, kipimo kamili. Ninazo safu nne kwenye daftari. Nitajie jina la ukoo tu, huhitaji kuja, nguo utaikuta imepigwa pasi."

"Huyu ndiye wanayemwita Jicho," alisema Spana kwa fahari, kana kwamba amemzaa.

"Na zile za kituo cha afya?" aliuliza Redio. "Ulikwenda kupima?"

"Nikapime nini? Matroni aliniletea orodha ya majina kumi na mawili. Nikayasoma, nikayagawa kwenye safu, nikakata. Siku mbili kazi imekwisha. Yule mgeni wa ng'ambo ya barabara angekuwa bado anazungukazunguka viuno vya watu."

"Anapima sana yule," alisema Mama Vocha. "Mtu anayepima hivyo hana uhakika na kazi yake."

"Wa wapi kwani?" aliuliza Spana.

"Nani anajua. Nilimuuliza, akaniuliza nataka gauni la namna gani."

Wakacheka wote, na walikuwa bado wanacheka Matroni alipopanda ngazi ya baraza. Alikuwa mama mfupi, mkavu wa maneno, na nyuma yake alifuatwa na muuguzi msichana, mrefu, amevaa sare mpya. Mikono ya shati iliishia chini kidogo ya viwiko. Suruali iliishia katikati ya miguu. Kiunoni kulikuwa na nafasi ya kumweka mtu mwingine, na muuguzi alikuwa ameishika kwa ngumi ili isiteremke.

"Fundi, hujambo."

"Sijambo, mama. Shikamoo. Sare zimekaa?"

"Marahaba. Mtazame huyu, kisha uniambie wewe."

Jicho alimtazama. Akachukua orodha ukutani.

"Huyu ni wa ngapi?"

"Wa nne."

"Wa nne." Alisoma, damu ikamrudia usoni. "Mama, hapa kuna makosa ya ofisini kwenu. Hili ni jina la bondeni."

"Mimi ni wa bondeni," alisema muuguzi.

"Baba yako?"

"Wa bondeni."

"Mama yako?"

"Bondeni."

"Na bibi mzaa mama?" aliuliza Spana kutoka kwenye benchi.

"Mzee wangu, nimetoka zamu sasa hivi. Nimechoka."

"Mwanangu, usichukie," alisema Redio kwa upole wa karani. "Tunachosema ni kwamba watu wa bondeni ni wafupi. Hilo linajulikana."

"Sasa mnataka nifanyeje, nichuchumae?"

Mama Vocha alimkagua kutoka juu hadi chini, akashuka hadi kwenye ndala. "Mwenzangu, bondeni upande gani? Mimi ni wa huko na sijawahi kuona kitu kama wewe."

"Upande wa kisimani. Kwetu ni mimi ndiye mfupi, dada."

Matroni aliinua mkono, benchi likanyamaza.

"Jana jioni nimewaita wafanyakazi wote wajaribu. Hakuna hata mmoja aliyeenea kwenye sare yenye jina lake. Hata mmoja, Fundi. Dereva wangu ni wa mlimani, kakunja mikono mara tatu. Mfamasia ni wa ng'ambo ya mto, vifungo havikukutana. Watu wakaanza kuvuliana na kupeana. Ya dereva ikamwenea msaidizi wa maabara, ambaye ni wa bondeni. Ya mfamasia ikamwenea mfagizi wa hapahapa mjini. Mpaka saa kumi na mbili, kumi na moja zilikuwa zimepata miili. Imebaki hii, haina mtu, na amebaki huyu, hana nguo."

Spana alipiga paja. "Kumi na moja kati ya kumi na mbili. Jicho, umeua."

"Darasani hiyo ni daraja la kwanza," alisema Redio.

Na Jicho, badala ya kunyamaza, akapata nguvu. "Umeona, mama? Kwa hiyo ukataji wangu ulikuwa sahihi. Ni watu tu wamezaliwa kwenye koo zisizowaenea."

Matroni hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa benchi, Redio akasogea haraka.

"Nikwambie kitu, Fundi. Nina mganga mmoja pale nimempa barua ya onyo wiki iliyopita. Kaletewa mzee wa mlimani anaumwa kifua, kamwambia watu wa mlimani wana vifua imara, arudi nyumbani akapumzike. Hakumwekea hata kipimo kifuani. Mzee amelazwa sasa, anapona polepole. Mganga anajitetea kama unavyojitetea wewe. Anasema kwa watu wengi huwa hakosei."

Spana aliyekuwa na kauli kuhusu vifua vya mlimani, maana na yeye ni wa huko, aliimeza.

"Yule fundi wa ng'ambo ya barabara alikuja Jumamosi na futi mkononi," Matroni aliendelea. "Sikumpa kazi, kwa sababu nilikuwa nimekuahidi wewe. Mshono wako ni mzuri, sina ubishi. Nakupa mpaka Ijumaa. Unakuja kituoni, unapima kila mtu kwa mkono wako, na huyu unamshonea upya. Nikikuta umekisia hata kola, kazi ya mwaka inavuka barabara. Na sitakuuliza kwenu wapi."

Jicho aliitazama cherehani iliyofunikwa shuka. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Akalitoa futi shingoni. Lilikuwa kama jipya, miaka mingi limekuwa pambo, na alipolinyoosha lilijikunja lenyewe likataka kurudi.

"Simama wima, dada yangu," alisema. "Nyoosha mkono."

Alipima bega, akapima mkono, akapima kifua kwa adabu huku Mama Vocha akimshikia ncha ya futi mgongoni. Kila namba aliisoma mara mbili, kwa sababu hakuna iliyofanana na safu yoyote. Alifungua daftari, akakosa pa kumwandika, akageuza mpaka ukurasa mtupu.

"Miaka mitatu niko mjini hapa," alisema muuguzi, mkono bado umenyooka, "kila mtu ananiuliza kwetu wapi. Hata wagonjwa wenye homa kali wanauliza. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuutazama mkono wangu."

"Ni mrefu," alisema Jicho.

"Najua, kaka."

Wakaondoka. Redio alilikunja gazeti polepole. Jicho alikuwa anakusanya chaki na daftari aende kituoni, hataki kumtazama mtu.

"Jicho," aliita Spana.

"Sema."

"Lile shati langu la harusi ya mdogo wangu. Ulinipima?"

"Wewe ni wa mlimani. Nikupime nini?"

"Mikono yake inafika kwenye kucha. Miaka sita naikunja. Nilidhani mimi ndiye nimetoka na kasoro, ndugu zangu wote wana mikono mirefu isipokuwa mimi."

"Ndugu zako nao nimewashonea mimi?"

"Wote."

"Na wanakunja?"

Spana akaikumbuka picha ya harusi, ndugu wote mstari mmoja, wamekunja mikono.

Mama Vocha alivuta gauni lake kiunoni, kitambaa kikaja kingi mkononi. "Kumbe," alisema, kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kumlaumu na anamwona amesimama karibu. "Na mimi nilikuwa nasema nimekonda kwa mawazo."

Spana alikwisha simama mbele ya mlango, mikono yote miwili kaiinua juu. Mama Vocha akaja nyuma yake. Jicho akasema ana haraka, Matroni anamsubiri, wakamwambia Matroni ni wa Ijumaa na wao ni wa leo. Redio peke yake ndiye aliyebaki benchini, amekaa wima kama alivyokaa siku zote.

"Na wewe njoo, mzee," alisema Jicho. "Wewe sina wasiwasi nawe, lakini njoo."

Redio alisimama taratibu, akainua shati. Kifungo cha suruali kilikuwa wazi, kimeshikiliwa kwa pini, na chini yake ngozi ilikuwa na mstari mwekundu umezunguka tumbo lote.

Jicho alipitisha futi, akasoma, akasoma tena. "Mzee wangu, hii suruali nilikushonea mwaka juzi. Kwa nini hukusema inakubana?"

"Uliniambia watu wa ng'ambo ya mto hatuna matumbo," alisema Redio. "Nikaona haya kubisha."