Kontena Kubwa Kuliko la Orville

Jumatatu, 9 Septemba
Paa limevuja tena. Ndoo sasa inalala kitandani katikati yetu, mimi kulia, Lorna kushoto. Mke wangu amesikia kwenye redio kwamba Jumamosi itanyesha sana. Akasema tone moja tu likimwangukia usoni, anahamia Toledo kwa dada yake Marge mpaka nitakapokuwa mtu mzima. Nina miaka sitini na mbili!

Fundi wa paa, Escobedo, anaanza Alhamisi. Alisema vigae vya zamani atavibeba kwa kontena lake la taka. Nikakataa. Kwani mimi mtoto? Nitakodi langu! Akasema sawa bosi, ila Alhamisi asubuhi alikute tupu.

Nikapiga simu kwenye kampuni ya makontena. Binti akanishauri nichukue dogo, maana vigae vya lami ni vizito na lori lina kikomo chake. Dogo! Orville wa ng'ambo ya barabara alichukua dogo mwezi wa nne alipobadilisha paa lake, na hadi leo hatupumui kwa majigambo yake. Nikaagiza kubwa kuliko yote.

Jumanne, 10 Septemba
Limefika! Limejaza njia yote ya gari, kutoka barabarani hadi mlango wa banda la gari. Unaweza kuozesha binti humo ndani na wageni wakabaki na nafasi.

Orville akaja, mikono mfukoni. Akauliza kama nabadilisha paa au nabomoa kanisa. Wivu huo! Nilimwonea huruma, kidogo.

Baada ya chakula nikapata wazo. Vigae havitafika hata nusu ya kontena. Nafasi yote ile ikae bure? Akili ni mali. Nikazunguka mtaa mzima nikitangaza: mwenye takataka alete, naye anifanyie hisani moja. Lorna akauliza kama Escobedo anajua. Nikamwambia asiwe na hofu. Wanawake hawaoni mbali.

Jumatano, 11 Septemba
Siku tukufu! Mama Lindqvist, mjane wa nyumba ya pembeni, kaleta godoro. Kanipa pai ya tufaha, bado ya moto. Wale wa nyumba ya kona wameleta mashine ya kukimbilia ambayo haijawahi kukimbiliwa. Wataniangalizia mbwa sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja.

Kisha Orville mwenyewe! Akauliza kwa unyenyekevu kama nina kijipembe kwa ajili ya "mawe mawili matatu". Nilimfanya aombe mara mbili. Ameahidi kuniazima mashine yake ya kuondolea theluji msimu mzima. Nimemshinda! Nikaingia ndani kula pai, nikasinzia.

Nilipotoka, kontena limejaa hadi ukingoni. Zege! Orville kavunja ngazi yake yote ya mbele na kunihamishia kwa toroli. Nikajiambia vigae tutavirundika juu kidogo.

Alhamisi, 12 Septemba
Escobedo kaja saa moja asubuhi na vijana wanne. Akachungulia ndani. Akavua kofia, akaivaa tena. Akauliza vigae aviweke wapi, bosi, mfukoni mwangu?

Nikaita lori la kampuni. Dereva akafunga mnyororo, akavuta. Kontena likabaki palepale, magurudumu ya mbele ya lori ndiyo yaliyopanda hewani, naye dereva akining'inia humo akitaja ukoo wangu. Mtaa mzima ulitoka na simu kupiga picha. Aliposhuka alisema halibebeki mpaka nitoe nusu, na lori hawana tena hadi Jumatatu.

Escobedo akafunga turubai juu ya paa, akaenda kwenye kazi nyingine. Hata hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimewaomba majirani waje kuchukua vitu vyao. Ghafla kila mtu ana mgongo mbovu. Mama Lindqvist kakana godoro kabisa, akasema labda limeletwa na upepo. Orville kasema zege lile si lake. Alikuwa anaingia nyumbani kwake kwa kurukaruka akishika kizingiti, hana ngazi, lakini zege si lake!

Nimetoa nusu peke yangu. Sasa takataka hizo ziko zote kwenye nyasi zetu. Lorna alinitazama kutoka dirishani, akashusha pazia. Bora angefoka.

Jumamosi, 14 Septemba
Mvua. Turubai limezuia kila mahali isipokuwa juu ya mto wa Lorna. Tone la kwanza lilimpata kwenye pua.

Aliinuka. Alifungasha, akaenda bandani, akawasha gari. Akakumbuka kontena liko mlangoni. Akazima. Orville akatokea na mwavuli (wapi alikuwa amejificha?), akasema Toledo si mbali, shemeji, nitakufikisha. Akamfungulia mlango wa gari! Akanipungia mkono!

Nyumba imepoa. Nimekaa upande mkavu wa kitanda nikalia. Miaka thelathini na nne tumelala pamoja, na leo nimelala na ndoo. Lorna wangu, rudi.

Jumatano, 18 Septemba
Jumatatu lori lilichukua kontena. Escobedo akaja na lake, dogo, akamaliza kazi kwa siku mbili. Wakati anaondoka kanieleza kwamba kontena lake lilikuwa ndani ya bei tangu mwanzo. Nikajifanya nilijua.

Leo Lorna karudi! Alitazama dari, kavu. Alitazama nyasi, zege na godoro. Akaketi karibu nami, akasema alinikumbuka, na kwamba Marge anakoroma kuliko mimi. Nilifurahi mno.

Kisha akanishika mkono, akauliza taratibu nimejifunza nini katika mambo yote haya. Nilitaka kumjibu kwa moyo mweupe, kwa hiyo nikafikiri sana.

Nikamwambia kontena moja halitoshi. Mawili yanafika Ijumaa, na mtaa wa pili nao wameshaanza kuniulizia.