Friji Linalojiendesha Lenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Friji letu limeasi. Halizimi tena, maziwa yamekuwa jiwe. Na mke wangu ana keki ya harusi ya kukabidhi Jumamosi, ghorofa tatu! Inataka ubaridi, si barafu. Anataka kumwita kaka yake, fundi friji. Shemeji huyo akishika bisibisi tu anajiona daktari. Nimekataa. Nimenunua kidhibiti joto cha nje: friji unalichomeka kwenye kidhibiti, kidhibiti ukutani. Ncha ya waya wake ikisikia joto limeshuka hadi nyuzi nne, kinakata umeme. Mjinga gani atashindwa?

Jumanne, 4 Machi
Maelekezo yanasema eti ncha ikae ndani ya friji. Upuuzi! Waya ukipita mlangoni, mlango utafungwaje? Nimeining'iniza juu ya jiko. Inasoma thelathini na moja. Friji linanguruma bila kupumzika. Mchapakazi!

Jumatano, 5 Machi
Bado linanguruma. Mayai yamepasuka. Mke wangu ameuliza kulikoni. Nimemwambia mashine inazoea nyumba. Ameniangalia juu mpaka chini.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa! Ncha inataka baridi? Ipewe baridi. Nimeitumbukiza kwenye bilauri ya barafu, friji likazima papo hapo. Barafu ikiyeyuka, linawaka. Kwa hiyo naibadilisha kila nusu saa. Kazini nimesema nina mgonjwa nyumbani. Hatimaye friji linajiendesha lenyewe!

Ijumaa, 7 Machi
Keki imeingia frijini asubuhi. Nimekaa na bilauri yangu. Shemeji akaja kusalimia, akauliza mbona nailea bilauri kama mtoto. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Nikaenda msalani mara moja. Kurudi, kainywa yote! Eti jua kali. Barafu nyingine hakuna, friji likaanza tena kunguruma. Nikakaa kutafakari, usingizi ukanipitia.
Nimeamshwa na kilio. Keki tofali! Unaigonga, inalia ko-ko-ko. Mke wangu machozi, nami nimeumia kweli. Shemeji akauchukua waya, akaupitisha mlangoni, akafunga. Mpira wa mlango ukabonyea, ukafunga vizuri. Dakika moja! Nimemchukia.

Jumamosi, 8 Machi
Barafu ya keki imeyeyuka kwa wakati, keki haina hata ufa. Mke wangu na kaka yake wameipeleka harusini. Mimi nimeachwa nyumbani na amri: nisiguse kitu. Imeniuma. Friji linawaka na kuzima bila msaada wa mtu. Mashine bila msimamizi, wapi na wapi! Nimefikiri sana, na kosa nimelijua: bilauri ilikuwa ndogo. Nimeuchomoa waya mlangoni, nimeleta ndoo.