Kinyozi Kimya

Jumatatu, 4 Machi
Wazo limenijia bafuni, sabuni ikiwa usoni! Mtaa huu una vinyozi watatu na wote wanaongea. Kiboko yao ni yule wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Redio. Miaka kumi na mbili kazini. Kumshinda kwa kunyoa siwezi, mkono wangu naujua. Nitamshinda kwa kitu asichokuwa nacho: kimya. Bango nimeandika mwenyewe: KINYOZI KIMYA. HATUONGEI. NA WEWE USIONGEE.

Mke wangu, fundi cherehani, ameniachia chumba chake cha mbele hadi Jumamosi. Cherehani imehamia kati ya kitanda na kabati. Amesema nisipopata wateja kumi, chumba kinarudi kwake na mimi narudi kwa kaka yake kupakia saruji. Mgongo uliuma palepale.

Jumanne, 5 Machi
Hakuna mteja. Kwa Redio benchi limejaa, na wawili kati yao ni vipara! Wamefuata nini? Redio akanisalimia kwa sauti kutoka ng'ambo. Nikaweka kidole mdomoni. Alicheka mpaka akashika nguzo.

Jumatano, 6 Machi
Mteja wa kwanza! Mwalimu wa shule ya msingi, amechoshwa na kelele za darasani. Alilala kitini, nikanyoa, akaamka ameridhika. Nilijua tu.

Wa pili, muuza vipuri, alitaka apunguzwe pembeni. Alionyesha kwa vidole. Nikaelewa anataka nywele zote zitoke. Alivumilia mpaka akafika nje, na huko aliongea mengi sana. Nimemhesabu.

Ijumaa, 8 Machi
Jana mwalimu alileta wenzake sita, wote wakasinzia kwa zamu. Leo kaja mmoja. Tisa! Mke ameanza kuniangalia kwa jicho jingine. Redio, nasikia, anauliza siri yangu. Na aulize.

Jumamosi, 9 Machi
Wa kumi ameingia saa nne asubuhi, na ni baba mkwe! Keshokutwa anapigwa picha ya kustaafu, itakayotundikwa ukutani ofisini kwake. Miaka thelathini ya ukarani, na masharubu ya umri uleule. Ni mtu wa kufuata maandishi. Alisoma bango mara mbili, akavua miwani, akaketi.

Nywele zilienda vizuri. Nikasema moyoni, ngoja nimnyooshee na masharubu, zawadi ya mkwe. Upande mmoja ukazidi. Nikasawazisha. Ukazidi wa pili. Akagonga mkono wa kiti, nikajua anafurahia. Akanishika kiganja kwa nguvu, nikajua ananipongeza. Nikamaliza.

Alivaa miwani, akajitazama, akatoka hadi barabarani. Hapo ndipo akasema, taratibu kabisa: "Mwanangu, nilikuwa nakuambia uache."

Kisha akavuka kwenda kwa Redio kuuliza kama kuna dawa ya kuotesha masharubu. Hakuna. Kufika adhuhuri mtaa mzima unajua. Mke amesema baba yake hahesabiki, akaanza kuburuta cherehani kuirudisha mbele. Nimemsaidia kubeba. Nimeona aibu, sifichi.

Jumapili, 10 Machi
Baba mkwe kala chakula cha mchana kwetu, kiganja juu ya mdomo, hakunitazama hata mara moja. Alipoondoka, mke alinikalisha.

"Redio anaongea, sawa," aliniambia. "Lakini kabla hajagusa kichwa cha mtu, anauliza anatakaje."

Maneno mazito. Nimeyatafakari alasiri nzima, nikiwa nimekaa pembeni ya chumba chake huku wateja wake watatu wakisubiri. Alimpima wa kwanza mabega, kiuno, mikono. Akaandika. Akampima wa pili. Dakika kumi kila mmoja! Nikakumbuka: fundi wa kona ya pili naye anapima. Wa sokoni anapima. Wote wanapima!

Saruji ni kesho asubuhi. Nitamwambia shemeji naumwa. Futi ya kupimia ya mke wangu tayari ninayo mfukoni, asije akapima mtu, na bango jipya linakauka: FUNDI ASIYEPIMA.