Ruhusa ya Kupimwa Kichwa

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Mzee wa Masjala anastaafu mwisho wa mwezi. Miaka ishirini na mbili amekaa kwenye kile kiti cha dirishani akilinda mafaili ya ofisi nzima, na sasa kiti ki wazi. Mkurugenzi ametangaza asubuhi: usaili Jumatatu ijayo. Waombaji ni wawili tu. Mimi na Miwani.

Miwani tunamwita hivyo kwa ajili ya miwani yake iliyofungwa kamba shingoni, ambayo sijamwona hata siku moja akiitumia kutazama kitu. Ana miaka tisa masjala. Mimi nina kumi na minne. Kwa haki yoyote ile, kiti ni changu.

Kero ni moja. Mkurugenzi ameleta utaratibu mpya wa kupanga mafaili, kijitabu cha kurasa arobaini, na kila mmoja wetu kapewa nakala yake akaisome. Miwani ameanza kusoma papo hapo, tena kwa penseli! Mtu wa kujipendekeza hivi sijapata kuona.

Mimi mchana kutwa nimefikiri kwa kina zaidi. Mzee wa Masjala akiingia, watu hushusha sauti. Kwa nini? Si elimu. Si kimo, maana ananifika begani. Ni kofia! Ile kofia yake ya pama, ya kijivu, anayoitundika msumarini kila asubuhi. Kofia ikiwa msumarini hakuna anayethubutu kuchomoa faili bila kusaini. Masjala inaongozwa na kofia. Mzee mwenyewe ni wa ziada.

Jioni nimejitazama kwenye kioo. Sipungukiwi na kitu, isipokuwa utosini, ambako nywele zimehama bila kuaga. Nimemweleza mke wangu mpango. Akasema niachane na kofia, nisome kijitabu. Ni mwanamke mwema, ila haoni mbali.

Jumanne, 4 Machi

Kofia nimepata! Nimenunua kwa mchuuzi mmoja aliyesimama nje ya benki. Nyeusi, inang'aa kama kiatu kipya. Mchuuzi akasema ni sufu tupu, nikiitunza watarithi wajukuu. Akasema tena kwamba aliponiona kwa mbali alidhani ni waziri anapita. Kijana ana macho.

Mke wangu ameipapasa, ameinusa, kisha akasema nimevishwa kilemba cha ukoka. Nikamsahihisha: si kilemba, ni pama. Akacheka mpaka akakaa chini. Sikuelewa kilichomchekesha.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Dakika tano tu, kutoka kituoni hadi mlango wa ofisi. Wajukuu hawatarithi kitu.

Kumbe sufu ilikuwa karatasi ngumu iliyopakwa rangi! Ukingo ukalala masikioni, rangi ikashuka usoni, nami sina habari. Nimeingia kikao cha asubuhi nikasalimia meza nzima, mmoja mmoja, kwa tabasamu pana. Mkurugenzi akauliza nani amemwaga wino wa mihuri. Miwani akanipa leso yake mbele za watu. Sitamsamehe.

Nimemfuata Mzee wa Masjala nikamuuliza yake aliitoa wapi. Akasema kofia ya maana, ya kuvaa kila siku, hainunuliwi kwa mtu aliyesimama. Kuna mama mmoja fundi wa kofia, nyuma ya duka la dawa. Ila huyo hauzi ovyo. Kwanza anakupima kichwa.

Nikaandika ombi saa hiyo hiyo: "Naomba ruhusa kesho asubuhi nikapimwe kichwa. Jambo hili haliwezi kusubiri tena." Fupi, limenyooka. Nasifika kwa barua zangu.

Mkurugenzi amelisoma mara mbili. Akafunga mlango. Akaniuliza kwa upole tatizo limeanza lini. Nikasema mwaka juzi, polepole, kuanzia utosini. Akauliza nyumbani wanasemaje. Nikasema mke wangu anaona ni upuuzi utakaopita. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Akauliza kama kuna sauti ninazosikia. Nikasema nasikia sana, hasa ya Miwani, hata nikifunga mlango.

Akanipa siku nzima! Nilikuwa nimeomba asubuhi tu. Huyu mama Mkurugenzi ameshaamua kiti ni cha nani.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa kofia ni mama mfupi, kidole cha kati kimevaa kikinga sindano, maneno yake ya kuhesabu. Duka lake chumba kimoja, vichwa vya mbao kila rafu. Amenizungushia futi juu ya nyusi na masikio, akarudia, akaguna. Akasema namba yangu ni hamsini na nane, na upande wa kushoto umebonyea. Nikamwambia sikuja kutukanwa. Akasema hata mbao zake zimebonyea, kofia nzuri inalijua hilo.

Kisha akanifundisha. Kofia njema ukiukunja ukingo, unarudi wenyewe. Ndani ina ukanda wa ngozi wa kunywa jasho, na bitana iliyoshonwa, si ya gundi. Rangi yake ifanane na vumbi la njia yako. Na ukubwa uwe sawasawa, maana kofia ya kila siku ni ile unayosahau kama umeivaa.

Hapo ndipo tulipokosana. Kofia ya mkuu isahaulike? Nikataka namba sitini. Mtu akipanda cheo kichwa lazima kipate nafasi! Akakataa. Nikasisitiza. Akakataa tena. Nikakalia kiti chake cha kazi nikasema siondoki. Mwishowe akanitolea ya kahawia, sufu nzito, namba sitini, akaniandikia kikaratasi chenye vipimo vyangu ili nisije nikamsingizia baadaye.

Kofia ni kofia kweli! Kasoro ni kwamba inashuka hadi kwenye pua. Nimefika nyumbani nikatafuta karatasi ya kujaza ndani ya ukanda. Magazeti hayakuwepo. Kijitabu cha utaratibu kilikuwepo. Nimekichambua kurasa zote arobaini, nikazikunja vizuri, nikazipanga kuzunguka kichwa. Imekaa barabara.

Ijumaa, 7 Machi

Kofia inafanya kazi! Sijawahi kuheshimiwa hivi tangu nizaliwe.

Nimeingia, chumba kikanyamaza. Watu wananipisha kwenye korido hata palipo na nafasi. Mama wa chai kaniwekea sukari vijiko vinne na kuniambia ninywe taratibu, mwanangu. Ananizidi mwaka mmoja! Mkasi wangu na kile kitoboleo cha karatasi vimeondolewa mezani. Ukubwa ndio huo, kazi za mikono wanafanya wengine.

Miwani ameniletea chungwa, limeshamenywa. Akaniuliza vipimo vimesemaje. Nikamwambia kweli tupu: ni kikubwa kuliko walivyodhani, na upande mmoja umebonyea. Akashika ukuta. Akauliza kama kuna tiba. Nikasema tiba ni hii niliyovaa, na nitaivaa maisha yangu yote. Machozi yakamlengalenga.

Anajua ameshindwa, maskini. Karibu nimwonee huruma.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa.

Mkurugenzi amempigia simu mke wangu. Amempa pole. Amemwambia awe na subira, afiche visu, na kwamba ofisi iko pamoja na familia. Mke wangu akaitikia asante, asante, hajui anashukuru nini. Alipokata simu akaniuliza niliandika nini hasa kwenye lile ombi. Nikamsomea, maana nakala ninayo.

Alicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Kisha akaacha ghafla, akajifuta macho, na nikaona si machozi ya kicheko tena. Akasema miaka mitatu anawaambia watoto baba yao atakuwa mkuu. Akasema ofisi nzima sasa inaamini mume wake amerukwa na akili, na wendawazimu hawapewi funguo za masjala.

Wote wale! Chungwa lile! Sukari ile!

Akanipa maagizo mawili. Jumatatu niingie kwa Mkurugenzi mapema, niseme sentensi moja tu: nilikwenda kununua kofia. Na leo hii nizitoe zile karatasi kofiani, nizisome. Nimekubali yote mawili.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari. Sentensi moja ni udhaifu. Uvumi umeenea ofisi nzima, basi uzimwe mbele ya ofisi nzima. Nimeandika tangazo:

"Kwa wafanyakazi wote. Mimi si mwendawazimu. Wanaosema hivyo nawajua, na nawasikia hata wakinong'ona."

Lina nguvu. Kesho nitakuwa wa kwanza kufika, nilibandike ubaoni.

Karatasi sijazitoa. Nikizitoa, nitafanyaje usaili na kofia puani?

Jumatatu, 10 Machi

Ubao wa matangazo umezungukwa tangu asubuhi. Hakuna aliyenong'ona. Hakuna aliyesema lolote, kwa kweli.

Usaili saa nne. Mkurugenzi, mhasibu, na Mzee wa Masjala. Viti vyao walikuwa wamevisogeza karibu na mlango. Nikasimama nikaeleza: kofia, mchuuzi, mvua, fundi. Hawakuniamini. Nikatoa kikaratasi cha fundi. Mkurugenzi akakisoma kwa sauti: kichwa hamsini na nane, kushoto kumebonyea, kofia aliyochukua ni sitini, mteja hasikii la mtu.

Mkurugenzi mwenyewe akaangua kicheko, akalalia meza! Mhasibu naye. Mzee wa Masjala akavua kofia yake akajipepea nayo. Viti vikasogezwa vikarudi mahali pake. Mkurugenzi akasema amefurahi mno, maana kwa uzoefu wangu alinitaka mimi tangu mwanzo, na alikuwa hajalala siku tatu kwa kunihurumia.

Alinitaka mimi! Tangu mwanzo!

Akasema limebaki swali moja la kukamilisha tu. Je, nimesoma utaratibu mpya? Nikajibu kwa kujiamini kwamba wote uko kichwani. Akafurahi zaidi. Akaniuliza basi ukurasa wa kumi na saba unasemaje kuhusu mafaili yaliyofungwa.

Nikavua kofia. Ningefanyaje? Nikaanza kutafuta. Wa tisa ulikuwa juu ya sikio. Wa thelathini na mbili ulikuwa kisogoni, umeloa. Wa kumi na saba nikaupata hapa mbele, kwenye paji la uso, lakini jasho lilikuwa limefuta nusu yake. Nikasoma iliyobaki.

Hawakucheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Jumanne, 11 Machi

Miwani ndiye mkuu.

Nimeumia. Naandika hivyo hivyo, nimeumia. Nilikwenda nikasimama kati ya rafu mbili za nyuma, kule kwenye mafaili ya zamani ambayo hakuna mwingine anayejua yalivyo. Nayajua kwa harufu. Miaka kumi na minne! Jana walikuwa wameninyooshea funguo, na mimi mwenyewe nikaurudisha mkono wao.

Miwani akanikuta huko. Nikajiandaa kusimangwa. Badala yake akasema yeye mafaili ya nyuma hayawezi, hajawahi kuyaweza, na amemwomba Mkurugenzi nafasi ya naibu iwe yangu. Nikamwambia sihitaji huruma zake. Akasema si huruma, ni woga. Nikakubali.

Mkurugenzi ameniita. Amekubali kwa shingo upande: siku thelathini za majaribio. Nikipita, naibu ni mimi. Nikileta kioja kingine kimoja tu, akataja hasa barua na matangazo, nahamishiwa stoo ya viti vibovu. Kisha akanyoosha mkono nikamkabidhi kurasa zote arobaini. Akazishika kwa vidole viwili. Nimepewa nakala mpya, imefungwa kwa pini ngumu.

Mke wangu akanikumbatia. Akaniapisha kwamba neno kupima sitaliandika tena maishani. Nimeapa, na safari hii nimeapa kwa moyo.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamka mtu mpya. Kosa langu nimelijua: karatasi zilikuwa chache. Kijitabu kingekuwa na kurasa themanini, kofia ingekaza vizuri, nisingetoka jasho kiasi kile, na ukurasa wa kumi na saba ungesomeka. Kwa kurasa arobaini hata Mzee wa Masjala angeanguka.

Sasa kofia ni tupu, inaniziba macho. Leo nimemwamkia kwa heshima zote mtu niliyedhani ni Mkurugenzi. Lilikuwa kabati. Naibu hawezi kwenda hivi. Nimepita kwa fundi, akasema alijua nitarudi. Nimpelekee kesho asubuhi, ataongeza ukanda wa ngozi ndani, itabana.

Inabidi niombe ruhusa. Safari hii nimekuwa mwangalifu kupita kiasi. Nimeandika rasimu sita, nimepima kila neno, na la kupima halimo hata moja, kama nilivyoapa:

"Naomba ruhusa ya kesho asubuhi. Tangu uzitoe zile karatasi, kichwani kumelegea sana, hata kabati naliona ni wewe. Nimempata fundi, ameahidi kunikaza."

Limenyooka, halina utata. Nimelipeleka mwenyewe mezani kwa Mkurugenzi, na nakala nimeibandika ubaoni, ili kusiwe na maneno.