Diski ya Tatu ya Mama Zilpa

Gasto alikuwa hajapata dili kwa muda mrefu, hadi akaanza kufikiria kufanya kazi. Tumshukuru Mungu, hali haikufika huko.

Siku hiyo alikuwa amekaa kwa Mokami, pale Nyakunguru, anakunywa chai ya kuahidi kulipa kesho, akijifanya anasoma meseji kwenye simu isiyo na chaji. Kutoka nyumba ya jirani ikasikika sauti: tii, tii, tii. Ikanyamaza, ikaanza tena. Gasto akauliza ni mashine gani hiyo inayolia kama kifaranga kilichopotezana na mama yake.

Mokami ni mwanamke anayemimina chai na siri za watu kwa mkono mmoja, na hamwagi hata tone. Akaeleza kwamba hilo ni sanduku la marehemu Elkana, mume wa Mama Zilpa. Ni kama kompyuta isiyo na kioo, linakaa chini ya televisheni, na ndani yake kuna diski nne zinazohifadhi picha na sauti. Sasa diski moja inaumwa, ndiyo maana sanduku linapiga kelele mchana kutwa, na Mama Zilpa wa watu hana raha.

Gasto akauliza Elkana yupi.

Yule aliyekuwa dereva wa wapimaji wa miamba, Mokami akasema, wale waliozunguka vilima vyote hivi na mikamera yao. Na kanisani alifundisha kwaya.

Gasto akaweka kikombe chini. Hapo msomaji nikueleze mambo yalivyo huku kwetu, usije ukamwona mwenzetu mjinga peke yake. Tangu gramu ya dhahabu ipande bei, kila mwenye sururu ni mtaalamu wa miamba. Kuna watu wametoka Ringwani wameacha mtama shambani unaliwa na ndege, wamekuja kulala kwenye maturubai. Mtu wa namna hii akisikia neno "wapimaji" na neno "picha" kwenye maneno ya mtu mmoja, masikio yanajifunga hapo hapo. Habari ya kwaya Mokami aliirudia tena, polepole, lakini Gasto alikuwa ameshasimama anajifuta vumbi kwenye suruali.

Alikuwa mtu wa kuja, mwenye maneno laini na viatu vilivyochongoka. Kule Matongo watu walikuwa wanamtafuta kwa sababu ya kipima dhahabu alichowauzia, ambacho kilikuwa antena ya redio ya gari iliyofungwa kwenye mpini wa jembe. Mali yake ya kweli hapa duniani ilikuwa moja, pikipiki nyekundu aliyoiita Mchumba. Aliifuta kila asubuhi kabla hajanawa uso. Aliipenda kweli, na nawaomba mlikumbuke hilo tunavyoendelea.

Akampanda Mchumba, akaenda Sirari kununua mnadani kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, cha kuning'iniza shingoni. Kesho yake akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Wewe ni nani?"

"Mimi naitwa Dokta Gasto. Daktari wa diski."

Mama Zilpa alikuwa mfanyabiashara wa dagaa na vitenge, mjane wa makamo, mpole wa sauti na mzito wa kutazama. Alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi shingoni, akasema hakujua kama siku hizi diski nazo zina madaktari, akampa kiti chenye kitambaa kizuri cha kufuma.

Dokta Gasto hakukaa. Alipiga goti kwa heshima kubwa, akaweka kifaa masikioni, akakibandika kwenye kitu cheusi kilicholala sakafuni, akafumba macho. Akatikisa kichwa. Akasema moyo unapiga, ila kwa shida.

Mama Zilpa akamwambia kwa upole kwamba hiyo ni chaja. Sanduku ni lile pale juu ya meza, chini ya televisheni.

"Najua, mama," akasema Gasto bila kufumbua macho. "Mgonjwa mimi huwa namwanzia miguuni."

Mtu wa hivi huwezi kumchukia. Mimi nimejaribu, nimeshindwa.

Sanduku lenyewe lilikuwa dogo, na mbele lilikuwa na droo nne zilizobanana, kila moja na kitaa chake. Vitaa vitatu vilikuwa vya kijani, kimoja chekundu. Mama Zilpa akamweleza kila kitu bila kuficha. Mtoto wa kaka yake, Sheila, anayekaa Migori na kufanya kazi za kompyuta, ndiye aliyelifunga sanduku hili na kumwonyesha namna ya kulitazama kwenye simu. Akamwonyesha na Gasto: diski ya kwanza nzima, ya pili nzima, ya tatu imezimwa, ya nne nzima. Ilianza kuwa na sehemu mbovu, sanduku lenyewe likaizima isije ikaharibu kazi. Zile tatu zilizobaki ndizo zinazobeba mzigo wa mwenzao. Ikifa nyingine moja kabla hii haijapata mbadala, basi vyote vimepotea, na hata Sheila hataweza kuvirudisha.

Akaweka kiganja juu ya sanduku. "Humu ndani yumo Elkana wangu, baba. Sauti yake. Kwingine hakuna."

Gasto akainamisha kichwa kama mtu aliye msibani, lakini tumboni alikuwa anacheza ngoma. Sauti ya marehemu! Mwanamke ana akili huyu, alijisemea, kapata kisingizio ambacho hakuna mtu atathubutu kukichokonoa.

Kilichomshika zaidi ni lile neno, imezimwa. Kwenye machimbo kila mtu anajua hii. Wachimbaji wakiupata mwamba wenye mali, hawapigi vigelegele. Wanalifunga duara lao, yaani shimo la kuchimbia, kwa magogo mdomoni, wanatangaza kwamba shimo limejaa maji, hewa mbaya, hapafai. Halafu wanasubiri macho ya watu yageuke, wanarudi kimya kimya. Kwa hiyo maduara manne yakiwa mstari mmoja, matatu yanafanya kazi na moja limefungwa ghafla, mwenye akili hana haja ya kuuliza mwamba uko wapi. Diski tatu zilikuwa wazi na diski moja imefungwa. Gasto alitaka kucheka.

Akasogeza kifaa kwenye droo ya tatu. Ndani ilikuwa inagonga taratibu, tiki, tiki. Akatangaza kwa uchungu kwamba mgonjwa ana pumu, tena pumu ya kurithi, na hawezi kutibiwa hapa nyumbani. Atamchukua akamlaze kliniki. Na kwa kuwa pengo halifai kuachwa wazi, maana sanduku litazidi kulia (na hapo hakusema kwamba likizidi kulia ataitwa fundi mwingine atakayemuumbua), yeye Dokta ataleta diski mpya kabisa aiweke pale, bure, kwa heshima ya marehemu.

"Bure?" akauliza Mama Zilpa.

"Bure, mama. Mimi ni mtoto wa mjane."

Mama Zilpa akainuka. Kisha akaingia chumbani, nadhani kupiga simu Migori, maana alisikika akiitikia kwa Kijaluo. Akarudi akamwambia iwe ya terabaiti nne, isipungue, na iwe ya aina ile ya kufanya kazi usiku na mchana, si hizi za kuweka kwenye kompyuta ya shule. Na iwe kwenye boksi lake, haijafunguliwa. Gasto akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, akimwonea huruma kwa kujisumbua na mambo ya kitaalamu.

Diski ya namna hiyo si bei ya mtu anayekopa chai. Gasto akaenda tena Sirari, kwa Danford, mnunuzi wa dhahabu mwenye karasha lake la kusaga mawe uani na sura ya mtu aliyezaliwa anadai. Akamnong'oneza kwamba picha zote za wapimaji, mwamba wote unavyopita chini ya vilima kutoka kijiji hadi kijiji, uko ndani ya diski moja, na yeye ndiye daktari wake.

Danford hakuuliza maswali mengi. Alisema ataagiza diski mpya kutoka Mwanza kwa pesa yake. Gasto akileta ile yenye mwamba, watagawana. Asipoileta, au akileta ujinga, pikipiki hiyo nyekundu inabaki hapa. Na ili wasisumbuane, ibaki kuanzia sasa.

Gasto alimpapasa Mchumba tangi la mafuta, akamwambia ni siku chache tu. Moyo ulimuuma kweli.

Diski ilipofika, kazi ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai. Gasto alivuta droo ya tatu, akatoa mgonjwa, akasukuma mpya, huku akinong'ona maneno ya Kilatini aliyoyabuni mwenyewe. Kelele zikakoma. Kitaa chekundu kikawa cha njano, kikaanza kupepesa. Mama Zilpa akaangalia simu, akasema kwa sauti ndogo kwamba zile tatu zimeanza kuijaza hii mpya. Machozi yakamtoka waziwazi. Akamfungia Gasto dagaa wa nguvu kwenye gazeti, akamwambia Mungu amkumbuke.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake Gasto aliona haya kidogo. Ikampita alipofika barabarani.

Sasa tufike uani kwa Danford, na tufike haraka, maana hapapendezi. Diski ikachomekwa kwenye laptopu. Tiki, tiki. Kioo hakikuonyesha kitu. Wakaizima, wakaiwasha, wakaipiga makofi mgongoni. Tiki. Danford akampigia jamaa yake wa Mwanza, yule aliyeuza mpya, na jamaa akacheka sana kwenye simu. Akasema diski iliyozimwa na sanduku imezimwa kwa sababu ni mbovu, basi. Na hata ingekuwa nzima isingewasaidia, kwa sababu kwenye masanduku hayo kila picha inakatwakatwa na kutawanywa kwenye diski zote. Moja peke yake haisomeki.

Gasto akamwomba Danford amwulize tena. Kwenye mgao wa mawe kila mtu anaondoka na mfuko wake, akausage peke yake, apate chake. Haiwezekani mtu abebe mfuko mzima halafu ndani yake kusiwe na kitu. Jamaa alikuwa ameshakata simu.

Danford hakupiga kelele. Yeye ni mtu wa dhahabu, haamini kitu kisichosagika. Alikuwa amewahi kusikia kwamba ndani ya mashine hizi kuna dhahabu kidogo, na alitaka arudishe chochote. Akaitupa diski kwenye karasha. Ilipiga makelele ambayo Gasto bado anayasikia. Unga wake wakauosha, wakautia zebaki, wakauchoma, na kilichobaki Danford alikitazama kwa lenzi yake, kisha akamtazama Gasto, kisha akaitazama pikipiki.

Kwa hiyo Jumamosi jioni Gasto alishuka kwenye lori la mawe pale Nyakunguru, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ameshapanga hotuba. Angesema kliniki imegundua ile diski mpya ina virusi, lazima aiondoe mara moja. Angeiuza, amkomboe Mchumba. Akabisha hodi.

Ndani palikuwa pamejaa kwaya. Walikaa hadi kwenye mikono ya makochi, na wote walikuwa wanatazama televisheni. Chini yake sanduku lilikuwa kimya, vitaa vinne, vyote vya kijani. Kwenye kioo alikuwepo mwanamume mwembamba mwenye shati la drafti, anagonga meza kwa kalamu na kuwagombeza watu wa besi kwa kuburuta. Hapakuwa na kilima wala mwamba. Ilikuwa miaka na miaka ya mazoezi ya kwaya, na kila mtu aliyejiona pale akiwa kijana alikuwa anacheka na kujifuta macho.

"Nilikuambia yumo Elkana wangu," akasema Mama Zilpa.

Akamtambulisha. Huyu ndiye daktari aliyeleta diski kwa pesa ya mfukoni mwake. Wakampigia makofi. Mzee wa kanisa, Olima, akasimama na kuomba, ombi refu, Bwana amrudishie mtumishi huyu sawasawa na moyo wake. Gasto peke yake ndiye hakuitikia amina. Hotuba ya virusi aliiacha hapo hapo.

Maombi yalipokwisha, Mama Zilpa akamvuta kando, karibu na mlango wa jikoni.

"Ile mbovu uliyoondoka nayo, iko wapi?"

Gasto akasema iko kwenye uchunguzi zaidi.

"Basi niletee. Sheila anayo risiti yake, na waranti haijaisha. Dukani wanapokea mbovu wanakupa mpya. Mimi nilitaka kuituma mwenyewe, ila wanakawia sana, nikaogopa ya pili isije ikafa tukisubiri. Ndipo ukaja wewe na moyo wako." Aliutamka huo moyo taratibu. "Mpya ikija, ni yako. Kaiuze, ukaikomboe pikipiki. Mokami ameniambia."

Gasto akatazama viatu vyake. Maneno yote laini aliyokuwa nayo tangu utotoni yalimkimbia.

"Imesagwa, mama."

"Imefanywaje?"

"Imesagwa. Kwenye karasha. Ikaoshwa."

Mama Zilpa akashika mwimo wa mlango. Sebuleni marehemu alikuwa anawaambia besi waanze upya. Mabega ya mama yakaanza kutikisika, akajikaza, akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge, na alipopata sauti akauliza kwa upole uleule, kama mtu wa machimbo anavyomuuliza mwenzake.

"Mkapata gramu ngapi?"